Ofensi ya bila duara kwenye timu ya sekondari Marekani: misimu 3 nikifundisha Kentucky, karibuni tujadili

Mwanzisha uzi

Wakuu heshima kwenu. Wiki iliyopita kwenye uzi wa NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, kuna mdau aliuliza mbona timu zingine wachezaji hawakusanyiki pale katikati, plei ikiisha wanakimbilia mstarini na kuanza upya, nikaahidi ntakuja kuandika kwa kirefu maana hiyo ndo kazi yangu ya kila jioni tangu nihamie huku. Mimi ni kocha msaidizi kwenye shule moja ndogo ya Kentucky, nafundisha marisiva (wapokea pasi) na ndo mtoa ishara kutoka pembeni ya uwanja. Nimekulia Kigoma nikicheza soka, huu mpira wao nimeujulia ukubwani, kwa hiyo ntaeleza vile ambavyo na mimi ningependa nielezwe.

Kwa asiyeujua kabisa: timu inayoshambulia inaweka watu 11 na inapewa nafasi 4 za kusogea yadi 10, ikizifikisha inapewa 4 zingine. Kila nafasi ni plei moja, inadumu sekunde 5 au 6 halafu mpira umekufa. Kawaida ukishakufa wanakusanyika duara, kwotabeki (anayeongoza ofensi na kurusha pasi) anawatajia plei inayofuata, maneno marefu mpaka mtoto akifika mwisho kasahau mwanzo, wanaachana, wanapanga mstari, ndo senta anaurusha mpira nyuma. Sasa huo muda wa katikati ndo wenye mali. Difensi nao wanautumia kupumua, kubadilisha watu, kocha wao kuwapigia kelele wakae vipi. Ukiondoa duara unawanyang'anya huo muda. Ndo biashara nzima ilipo.

Watu wengi wakisikia hivi wanadhani ni habari ya kukimbia. Hata mimi nilidhani hivyo na msimu wangu wa kwanza tuliuharibu kwa sababu hiyo hiyo. Tuliwakimbiza watoto mwezi mzima wa 7 wakawa wepesi kweli, mechi ya kwanza wanafika mstarini sekunde 8 baada ya mpira kufa, safi kabisa, halafu wanasimama wanaangalia pembeni kusubiri mimi na kocha mkuu wangu tukubaliane plei ipi. Sekunde 15, 18, 20. Yaani watoto wamekimbia ili waje kusubiri watu wazima! Difensi imeshajipanga imetulia inatuangalia.

Kuanzia hapo nikaelewa kwamba kinachochelewesha ni neno. Plei yenye jina la maneno 9 haiwezi kuchezwa haraka hata ungekuwa na Usain Bolt 11. Lazima kila mtu awe mahali pake, anayezuia ajue anamzuia nani, risiva ajue njia yake, vyote hivyo viingie kwenye neno moja au ishara moja ya mkono.

Na hii sio kitu kigeni. Cincinnati Bengals chini ya kocha Sam Wyche walicheza bila duara msimu wa 1988 na kwotabeki Boomer Esiason wakafika Super Bowl, fainali ya NFL, wakafungwa na San Francisco 20 kwa 16. Buffalo Bills wakaichukua wakaiita K-Gun, Jim Kelly anaita plei mwenyewe palepale mstarini, wakaenda Super Bowl 4 mfululizo. Ila kwa sisi wa sekondari mtu wa kumuangalia ni Gus Malzahn, yule alikuwa mwalimu na kocha wa shule za Arkansas tu, akawa anasukuma mwendo huu na watoto wa kawaida kabisa, mwaka 2006 ndo akachukuliwa chuo kikuu, na msimu wa 2010 akiwa ndo mpangaji wa ofensi ya Auburn na Cam Newton wakabeba ubingwa wa taifa wa vyuo kwa kuwafunga Oregon 22 kwa 19. Oregon ya Chip Kelly nayo ilikuwa ya mwendo huohuo, wao ndo walijulikana kwa yale mabango ya picha picha ya kutolea ishara pembeni ya uwanja. Napenda sana kuwaambia watoto wangu kwamba kitu wanachofanya jumanne jioni kwenye nyasi zetu zilizokauka kilitoka sekondari kikapanda juu, hakikushuka.

Turudi kwetu. Msimu wa pili tukafuta karibu kila kitu. Tukabaki na plei 12. Kumi na mbili tu, mkuu wangu karibu alie maana alikuwa na kitabu kama cha simu. Kila plei neno moja. Halafu tukaweka mwendo wa aina 3, na hapa ndo ilipoingia Kiswahili.

Tuna vijana wawili Wakongo, familia zao zilikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa huku, mmoja risiva mwingine anacheza nyuma. Huku Kentucky Wakongo wanaoongea Kiswahili wako wengi, Louisville, Lexington, Bowling Green. Siku moja tunatafuta maneno mafupi, yule risiva akasema kocha kwa nini tusitumie ya kwetu. Tukaanza na kulia na kushoto, ikashindikana papo hapo, kwanza wao kwao wanasema kuume mimi nasema kulia, pili kuume na kushoto yote yanaanza na ku, uwanjani kukiwa na kelele senta wetu Mmarekani anasikia ku tu, anaenda anakojua yeye. Tukahamia maneno yasiyofanana hata kidogo: "moto" ni upande wa kulia, "chai" ni kushoto. Kwa mwendo ni "sasa", maana yake plei ileile iliyopita, rudia, mpira ukiwekwa tu chini urushwe. "Twende" maana yake ishara inakuja, itazame, cheza. "Pole" maana yake panga mstari haraka kama unataka kucheza halafu tulia, wote tazameni pembeni. Tulitaka kutumia "ngoja" lakini hiyo ng' na ng za kwetu zinawashinda hawa watoto.

Sasa mtu anauliza kama unataka kasi "pole" ya nini? Hiyo ndo silaha kuliko hata "sasa". Difensi ikishachezewa "sasa" mara 3 inaanza kujipanga kwa hofu, inakimbilia mahali pake na kuonyesha kila kitu, nani anakuja kushambulia nani anabaki nyuma. Wewe umetulia, mkuu wa ofensi anaona uwanja mzima umeandikwa kama ubao, anachagua plei. Wasiojua kusimama kasi yao inasomeka.

Mdau wa Tandika

Mkuu somo zuri sana, kwanza hongera. Swali: huo mpira nani anaurudisha? Maana kwenye soka ukitoka kuna waokota mipira. Huku ukimwangusha mtu mpira unabaki naye chini, si ndo muda unapotea hapo?

Mwanzisha uzi

Mkuu umegusa penyewe, makocha wengi huku hawalifikirii hilo mpaka wafungwe.

Mpira ukifa ni refa ndo anauweka chini, na senta hawezi kuugusa mpaka refa auweke atoke. Sasa mtoto akishaangushwa akaamka akaurusha mpira nyasini kwa furaha, refa anaufuata, anaokota, anarudi. Sekunde 5 zimekwenda na wewe huwezi kumfokea refa. Sisi sheria yetu ni hii: uliyekamatwa na mpira, amka nao, mkimbizie refa wa katikati, mpe mkononi. Usirushe. Mkononi. Akiwa mbali mpe refa wa karibu yako. Jumanne tuna kipindi cha dakika 10 ambacho hakuna anachofundishwa mtu ila hicho, kocha mmoja anasimama kama refa, kijana wa kutunza vifaa anashika saa, anahesabu tangu filimbi mpaka mpira urushwe tena. Mwanzo wa mwezi wa 8 tulikuwa sekunde 24. Mwezi wa 10 kwenye "sasa" tulikuwa tunagusa 12, na miguu ni ileile.

Kitu cha pili cha sheria: watu wote 11 lazima watulie sekunde 1 nzima kabla ya mpira kurushwa. Kwenye mwendo kasi kuna mtoto mmoja siku zote anafika mwisho, kwetu ni risiva wa mbali aliyetoka kukimbia yadi 40, asipotulia ni adhabu, mnarudishwa yadi 5 nyuma na presha yote uliyoijenga imekufa. Kwotabeki wetu amefundishwa kumtazama huyo wa mwisho tu, akiona miguu yake imesimama anasema moyoni "elfu moja" ndo anapiga kofi senta aurushe.

Raga Damu

Mimi ni msee wa raga kutoka Nairobi, sikuwa najua huu mchezo una hizi mambo. Kwenye sevens, raga ya watu saba, penalti ikipigwa unaweza ugusa mpira na mguu haraka na uende kabla hawa wengine warudi mita zao, mara nyingi trai (bao la raga) inapatikana hapo. Inakaa ni wazo moja. Lakini sisi hatuna mtu wa kutupigia ishara pembeni, ni mwenye mpira anaamua. Nyinyi mbona msiwaachie watoto waamue?

Mwanzisha uzi

Kaka wazo ni hilohilo kabisa. Na tunawaachia kidogo kidogo. Kwotabeki wetu ana ruhusa ya kuita "sasa" mwenyewe bila kuniuliza ikiwa plei iliyopita imeingiza yadi 5 au zaidi, na ana plei 2 ambazo anamsoma mlinzi mmoja tu baada ya mpira kurushwa, mlinzi akiingia ndani kwa anayekimbia anautoa mpira nje, akibaki nje anamuachia akimbie. Zaidi ya hapo mtoto wa miaka 16 simbebeshi. Jim Kelly alikuwa mtu mzima wa miaka 30 anaita plei.

Kocha Texas

Ndugu zangu mimi niko Dallas, namsaidia mtu kwenye timu ya sekondari huku miaka 6. Naunga mkono yote ila niongeze kitu kwa watakaokuja kufundisha Texas. Huku tunachezea sheria za vyuo, majimbo mengine mengi yanatumia sheria za shirikisho la sekondari. Kwa sheria zetu ukibadilisha mchezaji kwenye ofensi, refa anasimama juu ya mpira mpaka difensi nao wapewe nafasi ya kubadilisha. Kwa hiyo kasi yako yote inategemea usibadilishe mtu. Wale 11 walioanza lazima waweze kucheza kila mpangilio, wa kusukuma na wa kurusha. Sisi tulimchukua kijana mmoja mkubwa mwenye mikono mizuri tukamfundisha kukaa karibu na mstari, kukaa nyuma na kukaa nje, bila kutoka uwanjani. Huyo mmoja alitufanya tuonekane tuna timu 3.

Halafu historia ya huku mwangalie sekondari ya Southlake Carroll ya kocha Todd Dodge, walichukua ubingwa wa jimbo 2002, 2004, 2005 na 2006 kwa ofensi ya kutawanya watu na bila duara. Hizo shule kubwa lakini. Swali langu kwako mwanzisha uzi, wewe umesema shule ndogo. Watoto wako wanacheza pande zote mbili?

Mwanzisha uzi

Ndio mkuu na hapo ndo pana maumivu yangu. Tuna watoto 34, kati ya 11 wanaoanza, saba wanacheza ofensi na difensi. Nielezee mechi moja ya msimu wa kwanza. Tulipata mpira, tukarusha plei 3 za kasi zote zikaanguka chini, mpira ukianguka chini saa inasimama, tukaupiga teke kuwarudishia. Nikatazama saa: hata nusu dakika haijaisha. Watoto walewale wakageuka wakaenda kulinda. Wenzetu wakakaa na mpira dakika 7, wanasukuma tu yadi 3, yadi 4, yadi 3, wanafunga. Tukapata tena, tatu zikaanguka tena. Robo ya 3 kijana wetu wa ulinzi wa kati, ambaye pia ni mzuiaji, alipiga goti akawa anatapika, akaniangalia. Hakusema kitu. Lile jicho silisahau, kwa sababu mwenye kumchosha nilikuwa mimi na sio wale wapinzani.

Buffalo hawahawa tunaowasifia, Super Bowl ya kwanza waliyofungwa na Giants 20 kwa 19, Giants waliukalia mpira zaidi ya dakika 40 kati ya 60. Dawa ya mwendo kasi inajulikana tangu zamani, ni kuuficha mpira.

Kwa hiyo sheria yetu saivi: plei ya kwanza ya kila umiliki ni ya kukimbia au pasi fupi ya kuaminika, na inachezwa "twende" tu. Hakuna "sasa" mpaka tupate yadi 10 za kwanza. Ukishapata hizo sasa difensi ndo wamechoka na wewe una upepo, wapelekee moto. Na tukiongoza mwisho wa mechi ni "pole" mwanzo mpaka mwisho. Tangu 2019 sheria za sekondari zimeleta saa ya sekunde 40 baina ya plei, inaanza mpira ukifa, basi tunazila hizo 40 mpaka zibaki 3. Wapinzani wakiwa wameishiwa mapumziko ya kusimamisha saa na zimebaki dakika 2, plei 3 za kwotabeki kupokea mpira na kupiga goti tu zinamaliza mechi.

Mama Dayton

Samahanini wanangu naingilia. Mimi sijui ufundi, nina kijana anacheza huku Ohio. Joto la mwezi wa nane hawa watoto wanavaa helmeti na mabega ya plastiki wanakimbizwa jua kali. Hiyo kasi yenu mnaipata kwa kuwakimbiza? Naomba mniambie ukweli maana silali.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mama. Umeuliza swali kubwa kuliko yote humu.

Hapa Kentucky mwaka 2008 kijana wa sekondari alianguka kwenye mazoezi ya joto Louisville akafariki siku chache baadae, kesi ikafika mahakamani na kocha akaonekana hana hatia, lakini jimbo zima lilibadilika baada ya hapo. Kocha yeyote wa huku anaijua hiyo habari. Sisi hatukimbizi mtoto kama adhabu wala hatukimbizi mbio tupu mwisho wa mazoezi. Pumzi yao inatoka kwenye plei zenyewe, tunacheza plei 6 kwa kasi, tunasimama, maji, helmeti chini, kivuli. Tena 6. Siku za kwanza hawavai mabega kabisa. Na kuna beseni kubwa la maji na barafu pembeni ya uwanja kabla ya filimbi ya kwanza, sio lipo stoo. Mtoto akichanganyikiwa kwa joto anapoozwa kwanza humo humo, ambulensi inaitwa wakati yuko majini, mwili ukishashuka joto ndo anasafirishwa.

Mama nenda shuleni muulize kocha beseni liko wapi. Una haki hiyo. Akikuonyesha kwa mkono liko pale, utalala.

Mama Dayton

Marahaba mwanangu. Jumatatu nakwenda.

Mdau wa Tandika

Turudi kwenye Kiswahili mkuu, hilo limenikaa sana. Hakuna siku wapinzani walijua?

Mwanzisha uzi

Ipo. Nilikuwa naiweka akiba.

Msimu uliopita mwezi wa 9, tunacheza ugenini. Robo ya kwanza tuko vizuri, tunafunga, "sasa" inawaua. Robo ya 2 naona kitu kimebadilika. Tukiita "pole" difensi yao inasimama wima, mikono kiunoni, wanapumua. Tukiita "sasa" kabla hata watoto wangu hawajageuka kuna mtu kwao anapiga makofi na wote wanashuka tayari. Nikamwambia mkuu wangu hawa wanatusikia. Akasema wanasikia nini, ni Kiswahili. Yule risiva wangu akaja pembeni anahema, akaniambia kocha, namba 22 yao ni Mkongo. Nilimwambia kitu pale mstarini akanijibu.

Kijana kule difensi anawatafsiria wenzie! Moto na chai hakuzijua maana ni maneno ya kupangwa, ila sasa na pole yana maana yake halisi, mtoto yeyote aliyelelewa na mama anayeongea Kiswahili anajua la kufanya akisikia.

Kosa nililofanya ni hapo. Mapumziko nikawaambia watoto tugeuze, "pole" iwe ndo sasa na "sasa" iwe pole. Wale vijana wawili Wakongo kichwani haikukubali hata kidogo, ukimwambia mtu pole mwili wake wenyewe unatulia, na Wamarekani walikuwa wameyazoea miezi 2. Plei ya pili tu nusu ya timu ikaondoka nusu ikabaki, yadi 5 nyuma. Ikarudia tena. Nikaacha. Tukahamishia mwendo kwenye mkono, ngumi juu ni sasa, kiganja chini ni pole, watu watatu pembeni tunatoa ishara kwa pamoja na wa kweli ni mmoja, tulishawahi kuifanya mazoezini wiki za mwanzo ikasaidia. Tulifungwa mechi hiyo kwa pointi 4.

Lakini nlichojifunza ni pale robo ya 2 kwenye mkanda wa video jumapili. Nilihesabu. Mara 9 tuliita "sasa" na yule kijana akiwa ameielewa. Mara 5 kati ya hizo hakuwahi. Alielewa, akageuka, akafungua mdomo, mpira umeshatoka. Zile 4 alizowahi ni zile ambazo sisi tulimrushia refa mpira badala ya kumpa mkononi. Ziko kwenye mkanda, nimewaonyesha watoto wote, naonyesha mpaka leo.

Kocha Texas

Aisee hiyo ya mpira mkononi naiingiza mazoezini wiki hii hii. Na huyo namba 22?

Mwanzisha uzi

Mechi ilipoisha tulipeana mikono pale katikati, akanishika na mikono yote miwili kama mtoto aliyelelewa, akasema shikamoo kocha. Kwao ni Uvira, Kongo. Watoto wangu wawili wakamzunguka wakaanza kuongea kwa fujo wote watatu, helmeti mkononi, mpaka dereva wa basi letu akapiga honi mara 2.